Barua ya wazi kwa wakuu wa polisi Mtwara na Lindi: simu ya marehemu bado inaita

Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi,
Kwa Makamanda wa Polisi wa Mikoa ya Mtwara na Lindi,
Kwa Wakuu wa Upelelezi wa mikoa hiyo miwili.

Waheshimiwa, nawasalimu. Walio wakubwa kwangu shikamooni, na walio rika la wanangu nawaombea heri kazini.

Simu ya marehemu mume wangu iliita Alhamisi iliyopita saa 3 usiku. Nilikuwa nakunja nguo nilale. Nikapokea, maana siku hizi naipokea mwenyewe. Sauti ya mzee ikanong'ona: "Afande, ni mimi yule wa bondeni. Wale vijana wamerudi." Nikamwambia, baba, mwenye simu hii alishatangulia mbele ya haki, mwaka wa nne huu. Akanyamaza mpaka nikadhani amekata. Kisha akauliza: "Sasa mimi nimwambie nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa pole, naye akanipa pole, tukaagana. Usingizi haukuja. Swali la mzee yule ndilo limenikalisha chini niandike, na nawaomba mlisome kama swali lililoulizwa kwenu, kwa sababu aliyepigiwa hakuwa mume wangu. Lililopigiwa ni Jeshi la Polisi, na simu ikapokewa na mjane chumbani kwake.

Nijitambulishe kwa kifupi. Niliolewa na askari nikaishi naye kwenye nyumba za line polisi kwa miaka 22, Masasi kwanza, kisha Lindi, mwisho Mtwara. Alianza na gwanda, akaishia upelelezi, askari kanzu asiyevaa sare, cheo cha sajenti. Sijasoma sheria wala sijawahi kushika bunduki. Lakini nimelala pembeni ya simu ya mpelelezi kwa miaka mingi, na najua polisi wanavyoongea wakiwa kazini na wanavyoongea wakishatoka, pengine kuliko mnavyodhani wake zenu wanajua.

Tulipokuwa Masasi, redio ya upepo ilikaa kaunta na nyingine ilikuwa kwenye gari. Nikipeleka chakula cha zamu ya usiku nilikuwa nawasikia. Hakukuwa na porojo. Mtu anajitaja kwa namba yake ya redio, anasema yuko wapi, anasema jambo lake, anamwachia mwenzake nafasi. Wa kaunta anaandika saa na maneno kwenye kitabu cha matukio. Jina la mtoa taarifa halitajwi hewani hata mara moja, kwa kuwa kila mwenye redio anasikia. Asubuhi anayepokea zamu anasoma kitabu kabla hajakaa, na akishasoma anaujua usiku mzima ulivyokwenda hata kama hakuwepo. Mimi mtoto wa mkulima wa mikorosho nilikuwa nikisimama pale na sufuria ya wali nikaona fahari. Niliona watu wanaongea kwa utaratibu unaomlinda anayesemwa na anayesema.

Simu za mkononi zilipoingia, ule utaratibu haukuhama nazo. Kwanza zilikuwa msaada tu, pale redio isipofika, na mnajua bonde la Ruvuma na misitu ya Liwale ilivyo. Kisha zikawa ndiyo kazi yenyewe. Amri zikaanza kuja kwa WhatsApp. Mume wangu alikuwa na kundi la kituo, kundi la wilaya, kundi la wapelelezi na kundi la wenzake wa depo, chuo cha polisi, waliomaliza pamoja Moshi. Kwenye kioo kimoja cha simu kulikuwa na picha ya mtuhumiwa anayetafutwa, chini yake mchango wa harusi, chini yake tangazo la msiba, chini yake amri ya kuripoti saa 11 alfajiri, na katikati picha ya maiti. Mtoto wetu wa pili alijifunza kusoma kwenye simu hiyo. Siku moja, akiwa darasa la 3, aliniuliza "mahabusu" ni nini na kwa nini yule baba wa kwenye picha amevua shati.

Nilimweleza mume wangu. Alijuta sana, akaweka namba ya siri kwenye simu. Namba ya siri ilimzuia mtoto wangu tu. Picha ile ilikwisha kuwa kwenye simu za watu wangapi, hakuna ajuaye.

Sasa niwaambie la mpwa wangu, kwa sababu hapo ndipo nilipoyaona mambo haya nikiwa upande wa pili wa kaunta. Kituo sitakitaja, maana naamini vinafanana.

Mpwa wangu alikuwa na pikipiki ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, ikibaki ndiyo ugali, na mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake. Ilikuwa imebaki miezi 5. Msimu wa korosho uliopita, pesa za minada zimeanza kutoka na kila mtu yuko barabarani, akaibiwa. Akaenda kituoni, akaandikiwa RB, ile karatasi ya kuonyesha taarifa yako imepokelewa, akapewa mpelelezi. Kijana mpole, mwenye adabu, akampa namba yake ya simu nyuma ya karatasi ya RB. Namba yake mwenyewe, ile anayompigia mama yake.

Mpwa wangu akahangaika mwenyewe mpaka akampata fundi aliyeletewa pikipiki inayofanana na ile, plate imebadilishwa. Fundi akaogopa kwenda kituoni lakini akakubali kupiga picha na kuituma. Akaituma kwa mpelelezi, WhatsApp. Mpelelezi akajibu, "Nimeipata, nakuja." Wiki 2 zikapita, akipigiwa anasema upelelezi unaendelea. Wiki ya tatu simu haipatikani. Tukaenda kituoni. Tukaambiwa amehamishwa, yuko mkoa mwingine, jalada lina mtu mpya. Yule mpya akafungua jalada mbele yetu. Ndani kulikuwa na maelezo ya mpwa wangu na nakala ya kadi ya pikipiki. Hakuna picha, hakuna jina la fundi, hakuna mstari mmoja unaosema kuna mtu aliyeiona. Yote yalikuwa kwenye simu iliyoondoka na mwenyewe.

Mimi nikatumia njia zangu za kijane. Nikampata kupitia wake wa askari. Alipokea vizuri, akaniita mama, akasikitika kweli. Simu ile ilikuwa imeingia maji safarini, ana nyingine sasa. Fundi naye alipofuatwa mara ya pili na uso mgeni akakana kila kitu. Mpwa wangu leo anabeba magunia ghalani na tajiri bado anamdai.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ni rahisi kusema kijana yule alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe. Alitumia simu aliyoinunua kwa mshahara wake, akaweka bando kwa pesa yake, akampigia mlalamikaji kwa vocha yake. Nyumbani kwangu vocha ilikuwa fungu la bajeti kama unga na mafuta ya taa. Mwezi ukiwa na kesi nzito tulikuwa tunapunguza mboga. Askari anayefanya kazi ya serikali kwa simu yake mwenyewe, siku akihama ataiacha wapi? Ataondoka nayo, na kila kilichomo ataondoka nacho. Na mlalamikaji akiombwa "nitumie vocha nikupigie", anaona ameombwa rushwa, hata pale ambapo mpelelezi kweli hana salio. Mkono huohuo ukizoea kupokea vocha, siku nyingine utapokea zaidi. Nimeyaona yote mawili, na yanaanzia kwenye simu ileile.

Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, na mahakama inapokea ushahidi wa kielektroniki. Lakini mahakama hutazama ujumbe au picha ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyofikishwa. Picha iliyopita kwenye simu ya mtu binafsi, katikati ya michango ya harusi, wakili yeyote wa utetezi ataisambaratisha asubuhi moja. Mume wangu alishawahi kurudi kutoka mahakamani ameinamisha kichwa kwa jambo la namna hiyo. Hakuniambia ni kesi gani. Alisema tu, "Tulimpata, tukampoteza kwenye simu."

Ninataka kusema pia kuhusu maneno ya nje ya kazi, na hapa naomba msinikasirikie, kwa sababu nasema ya nyumbani kwetu.

Askari akivua gwanda anabaki binadamu. Anataka kahawa na kashata barazani, anataka kucheza bao, na msimu wa mabibo wengine wanataka uraka. Hilo halina ubaya. Ubaya unaingia pale stori za kazini zinapogeuka kitoweo cha baraza. "Leo tumemkamata fulani, unajua nani katuuzia?" Sentensi hiyo moja inatosha. Najua kijana mmoja aliyesema kituoni juu ya watu wa kangomba, wanunuzi wa korosho wa njia za panya, waliokuwa wanawapunja wakulima kijijini kwao. Alisema asubuhi. Jioni alipita barazani akaitwa kwa jina jipya, jina la mtu anayesema ya wenzake. Hakupigwa. Ila shamba lake la mikorosho lilichomwa moto kiangazi kilichofuata, miti 30 ya baba yake. Mkorosho hauoti msimu mmoja, waheshimiwa.

Nchi hii ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi tangu mwaka 2015. Kijana yule hakuijua, na aliyemtaja barazani sidhani kama aliikumbuka wakati ule. Sheria iko kwenye kabati, na mdomo uko barazani.

Na kwetu hapa jambo hili si dogo kama lilivyo kwingine. Sisi tuko mpakani na Msumbiji. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, wakaua watu. Wanaoujua mto ule ni wavuvi, wakulima wa mpunga na akina mama wanaochota maji. Wao ndio wanaoona mtumbwi usiokuwa wa mtu. Wao ndio wanaosikia lugha ngeni usiku. Watasema kwa nani, kama wanajua likisemwa asubuhi litakuwa barazani jioni? Mzee wa Alhamisi alichagua kumpigia askari anayemjua, asijue ni marehemu, kuliko kumpigia askari asiyemjua. Namba 112 ipo na anaijua, nilimuuliza. Akasema: "Pale nitaanza upya kujieleza mimi ni nani. Yule alikuwa ananijua."

Nilipita ofisi moja ya kijiji mwezi uliopita, Nanyamba huko, kwenye shughuli ya msiba. Ukutani kuna karatasi ya namba ya polisi kata, askari aliyepangiwa kata hiyo. Namba ya kwanza imekatwa kwa kalamu, ya pili imekatwa, ya tatu ndiyo inayosomeka. Nimewapenda waliobuni polisi kata, wameleta askari karibu na watu. Lakini karatasi ile inaonyesha kila askari anapohama, kijiji kinaanza moja.

La picha nilishaligusa, ila kuna moja siwezi kuliacha. Barabara ya Mtwara kwenda Lindi inaua, mnaijua. Kuna mama, jirani yangu, aliyejua mwanawe amekufa kwa kuiona maiti yake kwenye WhatsApp, kwenye kundi la kina mama wa mtaani, kabla ya mtu yeyote kumpigia. Aliitambua fulana. Alikuwa ameifua yeye Jumapili. Sijui picha ile ilipigwa na nani, wapita njia nao wana simu. Lakini ilipigwa ndani ya utepe, kwa ukaribu ambao mpita njia haruhusiwi kufika. Mama yule hadi leo mwito wa WhatsApp ukilia anaweka kikombe chini.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayokataza kumtangaza mtoto aliye kwenye shauri. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Basi yule anayepigwa picha kwenye sakafu ya kaunta, bila shati, ameshikilia korosho za magendo mikononi kama kombe, na akaachiwa wiki inayofuata kwa kukosa ushahidi, nani atazunguka kwenye simu za watu akifuta sura yake?

Ya usiku nitayasema kwa kifupi, kwa sababu yanauma na mnayajua. Mkoa huu una jeraha. Mwaka 2022 maofisa 7 wa polisi walishtakiwa hapa Mtwara kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea, na Juni 2025 Mahakama Kuu ikawatia hatiani 2 kati yao. Mume wangu alikuwa ameshakufa, na nilishukuru kwamba hakuiona aibu ile. Tangu hapo, nyumba inayogongwa usiku na watu wasio na sare hailali tena. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka anayekamatwa aambiwe kosa lake, inampa nafasi ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au adhaminiwe, kosa lake likiwa na dhamana. Askari kanzu mwema hapungukiwi kitu akisema: "Mimi ni fulani, kitambulisho hiki, tunampeleka kituo fulani, njooni asubuhi." Mume wangu alikuwa anasema hivyo. Alisema ukiwaachia ndugu jina la kituo, umewaachia usingizi. Na ndugu wakiuliza kaunta, waambiwe ukweli kama yupo au hayupo. Hilo "hayupo hapa" linalosemwa kwa mdomo mwepesi limetufikisha pabaya.

Mwaka 2013 nilikuwa line polisi. Machafuko ya gesi, watu wakipinga gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, yaliikumba Masasi Januari, na Mei yakalipuka Mtwara, siku ile bajeti ya Wizara ya Nishati inasomwa. Tulijifungia na watoto. Huku nje watu wanasema polisi wamefanya hivi, ndani askari wanaambiwa wananchi wamepanga vile, na kila kitu kilikuja kwa ujumbe mfupi usio na mwenyewe. Sisi wake wa askari tulikuwa na ndugu pande zote mbili za ukuta. Dada yangu alinipigia akilia akiuliza ni kweli mume wangu ameagizwa achome nyumba za mtaa wao. Hakuwa ameagizwa, alikuwa amelala sakafuni kwangu, hajavua viatu kwa siku 2. Siku zile kama kungekuwa na sauti moja ya polisi inayojulikana na kuaminika, ikisema saa hii kwa saa hii nini kimetokea, naamini tungezika wachache. Nasema naamini. Nilikuwepo.

Naomba sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Polisi ana mawasiliano mengine, ya kukaa kimya. Mume wangu hakuniambia kazi yake, na nilimheshimu kwa hilo. Aliporudi kutoka kwenye tukio la mtoto aliyebakwa, nililijua kwa namna alivyonawa mikono, mara tatu, kisha anakwenda kuwaangalia binti zetu walivyolala. Hakusema. Alisema usingizini. Kuna majina niliyoyasikia usiku ambayo nimeyafukia moyoni na nitakwenda nayo. Simu ikiita saa 8 usiku alikuwa anaamka anasimama wima, mikono ubavuni, kama kamanda anamwona, anasema "ndiyo afande" mara tano, anakata, anakaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka kunakucha. Hakuna siku ya mapumziko simu ile ilizimwa. Hata kwenye matanga ya mama yake ilikuwa mfukoni mwa kanzu na iliita wakati wa hitima.

Nilimuuliza mara moja, yote haya unamwambia nani? Akasema kwa mkubwa huwezi kusema umechoka, ataandika huwezi kazi. Kwa mdogo huwezi, atakudharau. Kwa mke ni siri ya serikali. Nadhani hapo ndipo baraza linapoingia. Mtu aliyebeba mzigo usio na pa kuutua atautua popote, kwenye kahawa, kwenye glasi. Mkitaka askari wasitapike siri za watu mtaani, wapeni mtu wa kumweleza. Mnasihi mmoja kwa kila mkoa, asiyeandika ripoti ya nidhamu, ambaye konstebo anaweza kuingia kwake na kufunga mlango. Hospitali ya Ligula iko hapa Mtwara, na ya Sokoine pale Lindi, kuanza hakuhitaji jengo jipya.

Ninachowaomba kwa mawasiliano yenyewe hakihitaji mitambo ya ajabu. Simu ya dawati. Kila dawati la upelelezi liwe na simu yake na namba yake, na namba hiyo ibaki pale daima, mpelelezi aje, mpelelezi aende. Ndiyo iandikwe kwenye RB. Ndiyo ipokee picha na ujumbe, na siku ileile kiingizwe kwenye jalada na kuandikwa saa kilipoingia, kama wa kaunta wa Masasi alivyokuwa anaandika ya redio. Polisi kata naye apewe laini ya kata. Bando lilipwe na Jeshi. Mjane wa sajenti anaweza kulipia laini ya marehemu kila mwezi kwa pesa ya korosho, sembuse serikali.

Askari anapohama, kuwe na siku moja ya kukabidhi, anakaa na anayempokea, wanapitia majalada, na wale watoa taarifa waliokubali wapelekewe salamu kwamba sasa mtu wenu ni huyu. Mume wangu alikuwa na watu wake 14. Aliugua ghafla, hakuna aliyemuuliza. Wale 14 walipotea kama mbegu iliyomwagika njiani.

Picha za watuhumiwa, maiti na watoto zipigwe kwa kamera ya kazi, na anayezituma kwenye kundi la stori achukuliwe hatua wenzake wazione. Na kila mlalamikaji apewe tarehe. "Njoo tarehe 15, utaambiwa tulipofikia, hata kama hakuna jipya." Neno "upelelezi bado unaendelea" likiwa na tarehe mbele yake, mtu analivumilia.

Mtasema haya yamo kwenye PGO, kanuni za kazi za Jeshi la Polisi, na miongozo mingine. Naamini yamo. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchi ikasikiliza watu na kukabidhi ripoti kwa Rais. Mimi nazungumzia kaunta ya leo jioni, askari mwenye asilimia 6 za chaji na hana salio, na mama mbele yake ameshika karatasi ya RB.

Kuhusu laini ya mume wangu. Imesajiliwa kwa jina langu, kwa sababu wakati ule wa kusajili kwa alama za vidole kitambulisho chake cha NIDA kilikuwa hakijatoka. Watoto waliniambia niizime, nikakataa. Mwanzoni nilikataa kwa sababu ya sauti yake, kuna ujumbe wa sauti aliniachia humo. Siku hizi nakataa kwa sababu ya wanaopiga. Mwaka huu wamepiga 9. Mmoja alikuwa anauliza kesi ya ng'ombe wake. Binti mmoja alitaka tu kumshukuru, yule aliyemshtaki amefungwa. Wengine walikata waliposikia sauti ya mwanamke. Nimewaandika wote kwenye daftari la shule, tarehe na saa, bila majina, kwa namna niliyoona wanaandika kaunta.

Daftari hilo niko tayari kumkabidhi yeyote mtakayemteua, mkononi, akiwa na kitambulisho, aniambie namba ambayo watu hawa wanaweza kupiga na ambayo haitahama. Nitaiandika kwenye karatasi niiweke pembeni ya simu. Mzee wa bondeni alisema atapiga tena Alhamisi.

Mjane wa sajenti wa upelelezi,
Mtwara.